Mikono Iliyogeuzwa Ndani Nje

Kiberiti hakuitwa hivyo kwa sababu ya ufupi wake, ingawa mfupi alikuwa, wa kupanda kiti ndipo aifikie rafu ya pili. Aliitwa Kiberiti kwa kuwa ukimsugua upande wowote anawaka. Siku ya kwanza aliyowaka alikuwa na miaka saba. Mwenye duka wa jirani alimpigia kelele kaka yake mbele ya watu: "We bubu, husikii?" Kaka mtu alikuwa na miaka kumi na miwili, na kweli hakusikia, homa ya utotoni ilikwenda na masikio yake. Alisimama pale kaunta na hela ya sukari mkononi, akitabasamu, maana aliona mdomo unacheza na hakujua unasema nini. Tabasamu lile ndilo lililomuunguza Kiberiti. Akanyoosha mkono wake mdogo, akafagia makopo yote ya maziwa yaliyopangwa juu ya kaunta mpaka chini. Mama yao alimchapa kwa ajili ya makopo, kisha wakati wa kula akampakulia nyama nyingi kuliko watu wote.

Miaka thelathini na minne ilipita, na hakupoa. Kaka yake alipelekwa shule ya viziwi, akapata huko lugha kamili ya alama, na kila likizo akarudi nayo nyumbani akamfundisha mdogo wake, hadi wakawa wanaweza kugombana mezani saa nzima bila mama yao kujua ugomvi ni wa nini. Baadaye akawa seremala wa milango na madirisha. Wateja walimwandikia mahitaji yao kwa penseli kwenye kipande cha mbao, naye akawajibu kwa kazi. Kiberiti akasomea kompyuta. Akaajiriwa na kampuni ndogo ya kutengeneza programu za masomo, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mabomba na koki. Dirisha la chumba chake lilitazamana na ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi kwamba mtu wa upande ule akipiga chafya unaweza kumwambia afya. Humo alifanya kazi peke yake, na watu wa ofisini walijifunza kubisha mlango kwa kidole kimoja.

Programu ya Mikono ilianza kwa kicheko. Seremala alikuja siku moja ofisini kumletea dada yake kiti alichokitengeneza, akakuta mezani kitabu cha alama za viziwi, kile cha picha zenye mishale. Akakifungua, akacheka hadi akashika ubavu.

"Huyu anafanya nini?" aliuliza kwa mikono. "Anasema 'shule' au anafukuza nzi?"

"Karatasi haizunguki," Kiberiti alimjibu. "Huwezi kuuona mkono kwa nyuma."

"Basi tengeneza unaozunguka."

Akatengeneza. Ilimchukua miaka miwili. Kila asubuhi kabla ya kwenda karakana, kaka yake aliketi mbele ya kamera na kutoa alama, neno moja, tena, tena, huku Kiberiti akimpima kila kiungo cha kila kidole kwa rula yake mwenyewe ya useremala. Matokeo yake yalikuwa mikono miwili ndani ya kompyuta ambayo ungeweza kuizungusha, kuitazama kwa juu, kwa chini, hata kutokea upande wa msemaji mwenyewe. Hata kovu lililokuwa kwenye kidole gumba cha kushoto, alilolipata kwa msumeno, Seremala alitaka liwepo. "Bila hilo si mimi," alisema. Maneno yalifika mia sita na kumi na nne. Watoto wachache wa shule yake ya zamani waliletwa kuijaribu pale ofisini, na mmoja aliugusa mkono wa kwenye kioo akidhani utakuwa na joto.

Tatizo ni kwamba programu ilikaa vizuri mno kwenye kompyuta moja, na wasiojua kazi wakadhani itakaa popote.

Bosi alimwita Jumatatu moja. Alikuwa mwanamume mnene, mpole wa sauti, ambaye hakuwahi kugombana na mtu kwa kuwa siku zote alikuwa na wa kumtuma. Kando yake aliketi mtu wa mauzo, ambaye ofisi nzima ilimwita Mswaki kwa jinsi alivyoishi meno nje.

"Dada yangu, kaa," Bosi alisema.

Bosi akianza na "dada yangu", Kiberiti alijua kuna shimo limeshachimbwa. "Nimesimama vizuri."

"Tumepata shule za viziwi, si moja, saba! Wanaitaka Mikono. Sasa, maabara zao zina kompyuta za mfumo mwingine, si huu wetu. Na madarasa ya chini wana vishikwambi, navyo vina mfumo wake. Kwa hiyo Mikono iende kote kutatu. Tumeahidi wiki tatu."

"Nani ameahidi?"

"Mimi," Mswaki alisema kwa fahari. "Lakini si kazi, au siyo? Programu ipo. Pale ni kubonyeza tu, inajigeuza. Kukompaili."

Neno hilo alikuwa amelipata wiki iliyopita na alilivaa kama kiatu kipya.

Kiberiti aliweka mikono yote miwili juu ya meza ya Bosi. "Nisikilizeni. Mimi naandika programu kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma. Mashine haiyajui. Kukompaili ni kuyageuza yawe lugha ya mashine fulani, chini ya mfumo fulani. Ingekuwa hesabu tupu, ingehama bila kelele. Hii ni michoro! Kuomba dirisha lifunguliwe, kuomba rangi, kuomba kadi ya michoro ichore ukucha mmoja, kila mfumo una mlango wake na adabu yake ya kubisha. Mimi nimebisha mlango mmoja kwa miaka miwili. Nyinyi mmeniuza kwenye milango mitatu kabla ya kuniuliza kama nina mikono ya kubishia."

"Ndiyo maana tunakuamini," Bosi alisema.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nataka miezi mitatu."

"Wiki sita. Na tafadhali, dada, punguza hasira."

"Hasira yangu," Kiberiti alisema, "ndicho kitu pekee kinachofanya kazi sawasawa katika ofisi hii." Akatoka, na mlango ukasema yaliyobaki.

Alianza na mfumo wa pili, ule wa maabara. Mara ya kwanza aliyoamuru programu ikompailiwe, mashine ilimtapikia makosa mia nne na kumi na mawili. Mengi yalikuwa ya kijinga, na ujinga ndio uliomkera zaidi. Mfumo wa kwanza haukujali kama faili limeandikwa "Kidole" au "kidole". Wa pili ulikuwa kama karani wa dirishani, herufi moja ikikosewa anakurudisha nyuma ya foleni. Akayapitia majina yote, moja moja, akitukana kwa mikono ili wenzake wasisikie. Makosa yakashuka yakawa mia mbili, tisini, kumi na moja. Siku yalipokwisha, dirisha lilifunguka likiwa jeusi tii, halina kidole wala ukucha. Akakaa na weusi ule siku nne kabla ya kugundua kuwa mfumo ule ulitaka kwanza uambiwe ni kadi gani ya michoro ya kutumia, vinginevyo unakaa kimya kama mgeni asiyekaribishwa.

Siku ya tano mikono ikatokea. Ilitokea kichwa chini miguu juu, ikining'inia kutoka juu ya kioo kama nguo kwenye kamba.

Hilo halikumshtua. Mfumo wa kwanza ulihesabu picha kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anavyopima ukuta. Wa pili ulianzia juu ukashuka, kama mtu anavyosoma ukurasa. Kibaya kilikuwa kingine, ambacho mtu asiyeangalia kwa makini angekipita. Mikono ilikuwa imegeuka ndani nje. Kila mkono ulijengwa kwa maelfu ya pembetatu ndogo, na mashine, ili isichoke bure, huchora zile tu zinazomtazama mtu. Hujua uso wa pembetatu kwa mfuatano wa kuhesabu pembe zake. Ukiipindua picha, mfuatano nao unapinduka, na mashine inadhani uso ni kisogo. Kwa hiyo iliacha kuchora kiganja, ikachora upande wa ndani wa mgongo wa mkono, kucha zikionekana kutokea ndani, kama unachungulia glavu tupu.

Kiberiti aliliona hilo Jumanne saa sita mchana. Wakati huo jino lilikuwa likimuuma tangu Jumapili, shavu limevimba, na daktari wa meno alikuwa amempa nafasi ya saa saba. Akalipa faili jina la "mikono_bado". Akaandika kwenye karatasi USIGUSE, akaibandika kwenye kioo, akaenda kung'olewa jino.

Jumatano asubuhi alirudi na pamba mdomoni, karatasi yake ikiwa pale pale. Aliketi akafungua kazi. Hata saa tano haijafika, mlango ulisukumwa kwa kishindo ambacho aliyeusukuma hakukisikia.

Alikuwa kaka yake. Alivaa shati jeupe la kupigwa pasi, shati la harusi na misiba, na uso wake ulikuwa umejikunja kiasi kwamba Kiberiti alidhani mama yao amefariki.

"Umenichuna," mikono yake ilisema. "Umenichuna mikono mbele ya watoto."

"Watoto gani?"

"Usijifanye hujui."

"Kaka, watoto gani?"

Alimweleza amesimama, na kila neno alilitupa kama mtu anayetupa mbao chakavu. Mwalimu Mkuu wa shule yake ya zamani alimwalika leo, kwa kuwa kampuni inaleta Mikono, na mikono yenyewe ni ya mwanafunzi wao. Akasimamishwa mbele, wakampungia. Kisha akaja mtu mmoja wa meno mengi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba maikrofoni.

"Maikrofoni?" Kiberiti aliuliza.

"Maikrofoni. Katika ukumbi wa viziwi mia moja na themanini."

Mtu huyo akawasha kioo kikubwa, mikono ikaning'inia juu chini. Akacheka, akaingia kwenye mipangilio ya kioo, akabonyeza-bonyeza mpaka picha yote ikasimama wima, akajipongeza. Hakuona kuwa sasa mkono wa kulia umekuwa wa kushoto, kovu limehamia kidole kisicho chake, na mikono yote ni maganda matupu. Akachagua neno la kwanza: Karibuni.

Katika lugha yao, "karibuni" ni viganja vinavyomtazama msemaji, vikivuta hewa kuja kifuani. Lakini pale migongo ya mikono na kucha havikuchorwa, vikaonekana viganja kwa ndani, kana kwamba vinawatazama watu. Ulichoona ni mikono inayosukuma hewa kuelekea kwa watu.

"Tokeni," Seremala alisema, akaionyesha alama mbele ya pua ya dada yake. "Mikono yangu iliwaambia watoto: tokeni. Na darasa la kwanza ni watoto watiifu. Walisimama. Wakapanga mstari. Wakatoka."

Kiberiti alifungua mdomo, pamba ikaanguka mezani.

"Wakubwa walicheka hadi wakapiga madawati. Mtoto mmoja alinijia mpaka nilipokaa, akaniuliza, 'Mzee, kwa nini unatufukuza?'" Hapo mikono yake ilisimama hewani, haikujua iende wapi. "Nimetoka nje kwa mguu mpaka hapa. Niambie. Uliiona ikiwa hivyo, ukawapa?"

"Sikuwapa! Waliiba. Angalia, karatasi hii hapa, USIGUSE, jana nilikuwa kwa daktari…"

"Mikono yangu nilikupa wewe. Sikumpa yule wa meno. Kwa hiyo nakuuliza wewe."

Akageuka, akashuka ngazi. Kiberiti alimwita, kisha akakumbuka kwamba kumwita ni upuuzi, na upuuzi ule ukamzidishia uchungu. Damu ilimchemka mpaka shavu la jino likaanza kupiga kama ngoma.

Alimkuta Mswaki kwenye chumba cha Bosi, tayari amerudi, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alikuwa amefunga mdomo.

"Nani aliingia chumbani kwangu?" Kiberiti aliuliza.

"Dada yangu," Bosi alianza, "Mwalimu Mkuu amenipigia simu sasa hivi, amekasirika sana. Programu imetuaibisha. Ni lazima tukubali kwamba kwa upande wa ufundi kuna uzembe fulani…"

"Nimeuliza, nani aliingia chumbani kwangu?"

Mswaki alikohoa. "Niliona imeshafunguka kwenye kioo. Mikono inaonekana. Shule iliomba iione mapema kidogo, na wewe hukuwepo. Nikachukua kwa flashi."

"Iko wapi?"

Akaitoa mfukoni. Kiberiti aliichomeka kwenye kompyuta ya Bosi, akafungua, akasoma, akasoma tena. Halafu akakigeuza kioo kimtazame Bosi.

"Soma."

"Mikono kamili," Bosi akasoma.

"Mimi niliiita 'bado'. Bado! Herufi nne, hata darasa la kwanza waliofukuzwa leo wanaisoma. Huyu akaona neno 'bado', akalifuta kwa vidole vyake mwenyewe, akaandika 'kamili'. Huo uzembe wa ufundi uko wapi, bosi? Nionyeshe nikauokote."

"Nilitia moyo tu," Mswaki alisema kwa sauti ndogo. "Jina la 'bado' haliuziki."

Watu wa chumba cha pili wanasema walitegemea kusikia kitu kikivunjika. Hakuna kilichovunjika. Kiberiti alisema polepole, na hilo liliwatisha zaidi. Alisema kaka yake alikalia kiti asubuhi mia tano kabla ya kwenda kazini, mikono imechoka, ili watoto wasiotusikia wapate kitu kimoja duniani ambacho hakikuchorwa na mtu asiyewajua. Alisema leo watoto wa miaka sita wamefukuzwa na mikono ya mtu wao, na aliyewafukuza alikuwa ameshika maikrofoni. Alisema kuanzia sasa hakuna toleo litakalotoka mlangoni bila yeye kulikompaili na bila Seremala kuliangalia neno kwa neno, katika mifumo yote mitatu. Na Mswaki atakwenda shuleni kuomba radhi, kwa alama, baada ya kujifunza.

"Na muda?" Bosi aliuliza.

"Utakapokwisha, nitakuambia umekwisha."

Bosi alitazama dirishani. Hakusema samahani siku hiyo, wala hajasema mpaka leo. Alisema tu, "Haya," kama mtu anayemkubalia fundi bomba.

Kumkabili Bosi kulikuwa rahisi. Kumkabili kaka yake ndiko kulikomgharimu. Alikwenda karakana siku ya pili, amekumbatia kompyuta ya mkononi. Seremala alikuwa akipiga randa fremu ya mlango na hakuinua kichwa. Kiberiti akaiweka kompyuta juu ya benchi, katikati ya takataka za mbao, akamzungushia ule mkono mtupu karibu kabisa, mpaka kiganja kilichopotea kikaonekana kwa nyuma yake.

Kaka yake aliutazama. Akavua glavu ya kazi ya mkono wa kushoto, akaigeuza ndani nje, akaivaa mkono wa kulia. Ikaingia barabara.

"Ni hivi?" aliuliza.

"Ni hivyo hivyo."

"Kuna mangapi ya kubadilisha?"

"Kwa mfumo huu, mawili. Alama moja ya kutoa, kile kistari cha hesabu, na mfuatano wa kuhesabu pembe."

"Alama moja?" Akaipiga meza kwa ngumi yenye glavu iliyogeuzwa. "Nimeaibika mbele ya shule nzima kwa alama moja ya kutoa?"

"Umeaibika kwa mtu mmoja wa kutoa."

Hakucheka. Lakini aliivuta kompyuta kidogo upande wake. "Sijakusamehe," alisema. "Nionyeshe hicho kingine."

Kingine kilikuwa vishikwambi, na vishikwambi vilikuwa na kiburi chao. Vilikataa kuchora chochote mpaka vielezwe hesabu za desimali zifanywe kwa umakini kiasi gani. Kiberiti akaviambia kadiri, ili visiishiwe betri, na mikono ikatokea, sawasawa kabisa, kiganja mahali pake, ila vidole vilitetemeka mfululizo.

Seremala aliona, akakunja uso. "Mimi sinywi pombe," alisema. "Kwa nini natetemeka?"

Kiberiti akaviambia umakini wa juu. Vidole vikatulia. Betri ikaanza kwisha haraka, naye akaitukana betri kwa wiki nzima kabla hajapata njia ya kupumzisha mchoro pale mkono unapokuwa hauendi popote.

Kazi ile waliifanyia shuleni, kwenye maabara yenyewe, kwa kuwa Mwalimu Mkuu alishikilia hivyo. Huyu mama alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miwani ya kamba, na hakuamini tena kampuni yoyote. "Mnaniletea kitu kinachofanya kazi kwenu," alimwambia Kiberiti siku ya kwanza. "Mimi siishi kwenu." Kiberiti alimpenda papo hapo. Wakapanga kompyuta mbili na kishikwambi kimoja kwenye meza ndefu. Seremala akaketi katikati, na maneno mia sita na kumi na nne yakapita mbele yake mara tatu tatu. Alikataa thelathini na moja. Tisa kati ya hayo hayakuwa makosa ya mfumo wala ya kukompaili. Yalikuwa yamekosewa tangu mwanzo na Kiberiti mwenyewe, yakakaa miaka miwili, na hakuna aliyeona.

"Hili nalo ni la yule wa meno?" kaka yake alimuuliza walipofika la tatu.

"Hili ni langu," Kiberiti alijibu, na shavu likamwaka moto ingawa jino halikuwepo tena.

Mswaki alikuja kuomba radhi, akiwa amefundishwa alama sita na Mwalimu Mkuu mwenyewe. Alisimama mbele ya darasa la kwanza, akazitoa kwa haraka kama mtu anayehesabu noti, akakosea mbili. Mtoto mmoja alinyanyuka, akamshika kidole cha shahada, akakikunja ilivyotakiwa, akarudi kukaa. Kiberiti alitamani sana kufurahi. Alishindwa. Alikuwa bado anafikiria kwamba mtoto yuleyule aliambiwa atoke.

Siku ya kukabidhi ilipokaribia, Bosi alimtumia ujumbe: kwenye ukurasa wa kwanza wa programu libaki jina la kampuni pekee, lile la seremala liondolewe, "kwa sababu za kitaalamu". Kiberiti alikwenda mpaka chumba cha Bosi na flashi tatu.

"Msimbo wote wa programu huu hapa," alisema. "Jina la kaka yangu liko mstari wa kumi na nane. Lifute mwenyewe. Kisha ukompaili kwa mfumo wa kwanza. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Si ni kubonyeza tu?"

Bosi alizitazama flashi zile kama zinaweza kuuma. Akazisukuma zirudi kwa Kiberiti.

Mwisho wa mwezi wa tano tangu ile Jumatatu, si wiki tatu wala sita, ukumbi ulijaa tena. Safari hii hakukuwa na hotuba. Mwalimu Mkuu alizima taa za mbele, Kiberiti akawasha kioo, na mikono ya Seremala ikasimama, kiganja ni kiganja, kovu kwenye gumba la kushoto. Neno la kwanza likatoka: Karibuni. Viganja vikavuta hewa kuja kifuani.

Darasa la kwanza hawakusimama. Msichana mmoja wa safu ya mbele, yule aliyeongoza mstari siku ile, alimgeukia jirani yake akauliza kama leo ni kweli. Jirani akapandisha mabega. Basi msichana akabaki, ila mguu mmoja aliuacha nje ya dawati, njiani, kwa lolote litakalotokea.

Kiberiti aliuona mguu ule, na hasira yote ikampanda upya. Akageuka kumtafuta kaka yake. Alikuwa amesimama ukutani, mikono kifuani, anakitazama kioo kwa jicho la mtu anayekagua bawaba. Maneno yakapita. Watoto wakaanza kujibizana na kioo, wengine wakamsahihisha msemaji, wengine wakamuiga. Baada ya muda Seremala alimwashiria dada yake kutoka upande wa pili wa ukumbi.

"Neno la mia mbili na tatu," alisema. "Kidole kidogo kimechelewa."

"Kwenye mfumo upi?"

"Huo huo ulioko kwenye kioo. Nenda ukakiangalie."

"Nimekiona," Kiberiti alijibu kwa mikono mikali, ingawa hakuwa amekiona, akachomoa kompyuta yake kwenye mkoba na kuketi sakafuni palepale, nyuma ya pazia, kukitafuta.